Nondo, Maji na Watu

Mwaka jana wajumbe watatu wa bodi ya shule moja ya sekondari ya wilaya yetu walinifuata nyumbani kwangu, hapa Kilwa Masoko, baada ya sala ya alasiri. Walikuja na ramani ya bweni la wasichana linalojengwa kwa nguvu za wazazi. Kuta zilikuwa zimekwisha pandishwa, bati zimenunuliwa, na sasa palikuwa na mabishano. Baadhi ya wazazi walitaka madirisha yote yatiwe nondo zisizofunguka, na mlango uwe mmoja tu wenye kufuli la nje, ufunguo akae nao matroni. Wengine walisema hiyo itakuwa jela. Mwenyekiti, ambaye nilimfundisha akiwa kijana, aliniamkia kisha akasema: "Mwalimu, wewe umelala jirani na mabweni zaidi ya miaka thelathini. Tupe neno lako, nasi tutalipeleka kwenye mkutano."

Sikuwapa neno siku ile. Niliwaomba wiki moja. Si kwamba sikuwa na la kusema, ila jambo hili la nondo lina historia katika maisha yangu, na nilitaka kwanza nijiulize kama nasema kwa akili au kwa woga. Katika wiki hiyo hiyo mjukuu wangu, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa likizoni, alinijia na kompyuta yake akaniambia: "Babu, hii lazima uione. Ni dakika ishirini na mbili tu, na shujaa wake ni mwalimu." Tukaketi barazani tukaitazama filamu iitwayo Watu Wote. Ndugu msomaji, ninayoyaandika hapa ni uhakiki wa filamu hiyo. Nondo za dirisha zitaingia humo, kwa sababu niliitazama filamu nikiwa na ramani ya bweni mezani, na sioni haja ya kujifanya niliitazama vinginevyo.

Filamu hii ilitengenezwa mwaka 2017 na wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani, ikiwa kazi yao ya kuhitimu, chini ya uongozaji wa Katja Benrath. Ilipigwa Kenya, na waigizaji wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi zilizoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar huko Marekani. Kwa kazi ya wanafunzi, hayo si madogo.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini-mashariki ya Kenya, lilivamiwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu huku na Wakristo kule. Watu wa njia ile walijua maana ya amri hiyo, kwani Novemba 2014 basi jingine lililotoka Mandera lilitekwa, na watu 28 wakatengwa na wenzao na kuuawa kwa risasi. Wengi katika hao 28 walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Safari hii ya pili abiria Waislamu walikataa kutengana. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu wajifunike. Wakawaambia wenye bunduki kwamba wawaue wote au wawaache wote. Katika waliopigwa risasi alikuwamo Salah Farah, mwalimu mkuu msaidizi, ambaye alifariki hospitalini Nairobi mwezi Januari 2016.

Nianze na sifa, maana zipo. Filamu haina hotuba. Nimetazama michezo mingi ya kuigiza ya shule na vyuo yenye mafunzo ya umoja, na karibu yote ina mtu anayesimama katikati ya jukwaa mwishoni na kutueleza tuliyokwisha kuyaona. Hapa hakuna mtu huyo. Mwanamke Mkristo anayeitwa Jua, aliyeigizwa na Adelyne Wairimu, anaingia katika basi lililojaa Waislamu akiwa na hofu na chuki moyoni, na filamu haimfanyi kuwa mtu mbaya kwa sababu hiyo. Amekwisha kupoteza watu wake. Tunaiona hofu katika jinsi anavyokaa, anavyoushika mkoba wake, anavyojibu kwa mkato. Salah, aliyeigizwa na Abdiwali Farrah, naye si malaika. Ni mtu wa kawaida anayeudhika kidogo anapotazamwa kama mhalifu. Bunduki zinapoingia, kitu kinachonishika mimi ni mikono ya wanawake inayofanya kazi ya kumfunika mwenzao haraka, bila kuulizana. Waongozaji wengi wangeliweka hapo muziki mkubwa.

Baada ya sifa, nina malalamiko matatu. La kwanza ni dogo, ni la jina. Katika maisha yangu ya kuita majina asubuhi darasani sikuwahi kumwita mwanamke aitwaye Jua. Jina hilo limechaguliwa na mwandishi aliyependa maana zake mbili, la mbinguni na la kufahamu. Mzazi hampi mwanawe jina kwa namna hiyo. Ni mtindo wa ngonjera, ambamo Bwana Ujinga hujibizana na Bibi Elimu. Filamu inayojitahidi namna hii kuwa ya kweli haikuhitaji kunidokeza kwamba mtu huyu atakuja kuelewa.

Lalamiko la pili ni kubwa zaidi, nalo linahusu moyo. Filamu imejengwa juu ya badiliko la moyo wa Jua: alichukia, akaokolewa, akaelewa. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba kilichowaokoa watu wale ni upendo uliowashukia ghafla. Nami nasema palikuwa na jambo jingine pia, nalo ni maarifa. Watu wa njia ya Mandera walikuwa wamekwisha kulipa ada ya somo hilo kwa damu ya mwaka uliotangulia. Walijua swali litakaloulizwa, walijua mwenye kichwa wazi ndiye atakayetolewa kwanza, walijua kwamba mwenye bunduki anahitaji msaada wa abiria ili amtambue anayemtaka. Wakamnyima msaada huo. Sisi walimu tunafahamu kwamba kitu kilichojifunzwa kinaweza kufundishwa tena, na muujiza hauwezi. Filamu inapolifanya somo kuwa muujiza, inatunyang'anya kile ambacho tungeweza kwenda nacho shuleni.

Nasema haya nikijua ilivyo shida. Mwaka 2017 nilisafiri kwenda Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Zilikuwa siku za mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ambako viongozi wa vijiji na askari walikuwa wakiuawa. Aprili ya mwaka ule polisi wanane waliuawa kwa mara moja huko Kibiti, katika eneo la Jaribu, na basi letu lingepita pale pale. Kutoka Nangurukuru hadi Somanga watu waliongea kama kawaida, habari za ufuta, misiba na ndoa. Tulipovuka daraja la Mkapa pale Rufiji, basi zima likanyamaza. Mbele yangu alikuwa kijana mwenye ndevu na mfuko wa salfeti katikati ya miguu yake. Mama aliyekaa naye alimhamishia mtoto wake upande wa dirishani. Mimi nami, mtu mzima niliyefundisha siasa na uraia, sikuuondolea jicho mfuko ule. Tulipofika kwenye kizuizi tukateremshwa, mizigo ikafunguliwa. Mfuko wa kijana ulikuwa na mihogo mikavu na kandambili mpya. Aliporudi kitini hakumgeukia mtu, na mimi sikumwomba radhi. Kwa hiyo Jua namfahamu. Nilikaa kiti chake, tena bila ya kuwa na msiba wake.

Hapa ndipo Watu Wote iliponikumbusha kitabu nilichofundisha kwa miaka mingi, tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Sisi watu wa Kilwa tunaisoma tamthilia hiyo kama habari za jirani, kwa kuwa Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ambako hata leo unakwenda na kurudi kwa siku moja. Katika tamthilia, maji ya Kinjeketile yanafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa hayasikilizani. Kazi hiyo yaliifanya kweli. Kazi ya pili ni kuzuia risasi. Hiyo hayakuiweza, na walioyaamini wakaiendea bunduki ya Mjerumani wakiwa vifua wazi. Wanafunzi wangu kila mwaka waliniuliza kama maji yalikuwa uongo. Nikawajibu kwamba msiba wa Kinjeketile ni kwamba kazi zile mbili zilichanganywa. Umoja ulikuwa wa kweli, lakini watu wakaudhani ni ngao.

Hofu yangu ni kwamba mtazamaji anaweza kuinywa filamu hii kama maji yale. Atasema: tukiwa wamoja, risasi haitatupata. Lakini Salah Farah alipatwa. Nayo miezi minane tu kabla ya siku ya basi lile, alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hapo pia walitenganisha Wakristo na Waislamu. Vijana wale walikuwa wamekaa bweni moja, wamekula meza moja na kukopeshana madaftari. Siwezi kuamini kwamba hawakupendana kama walivyopendana abiria wa Mandera. Tofauti ni kwamba wa basini walikuwa macho, walikuwa wachache kiasi cha kuelewana kwa jicho, na walijua mapema ni jambo gani litakalotakiwa kwao. Wa Garissa wengi walishtuliwa usingizini, na msaada wa kutosha ulichelewa kwa saa nyingi. Mtu anayesifu umoja bila kuitaja Garissa anawaonea marehemu, kama kwamba wao walikosa upendo.

Na anayetaka kuacha umoja na kutegemea bunduki za walinzi peke yake, naye atazame mbali kidogo. Tarehe 24 Mei 2022 katika mji wa Uvalde, Marekani, kijana mmoja aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Polisi wenye silaha walifika mapema, wakajaa katika ujia nje ya madarasa, na ilipita zaidi ya saa moja kabla hawajaingia. Nchi ile ina bunduki na fedha kuliko nchi zetu zote zikijumlishwa. Sisemi mlinzi hafai. Shule isiyo na mlinzi ni uzembe. Nasema tu kwamba mlinzi naye ni mtu, na bunduki mkononi mwake haifanyi kazi ya akili na moyo wake.

Sasa lalamiko la tatu, ambalo kwangu ndilo zito. Mjukuu wangu alisema shujaa wa filamu ni mwalimu. Nilipomaliza kuitazama nilimwuliza: "Shule yake umeiona?" Akafikiri, akasema hapana. Kisa ni cha safari, na basi ndilo ulimwengu wake wote. Salah ni abiria mwema anayelipa kwa damu yake ili mwenzake ajifunze. Lakini mtu yule alikuwa mwalimu mkuu msaidizi. Katika shule zetu msaidizi ndiye anayepanga zamu, ndiye anayejua mtoto gani hajaonekana tangu Jumanne, ndiye anayeweka funguo. Januari ile shule zilipofunguliwa na yeye yumo kitandani hospitalini, nani aliingia darasani kwake? Hakuna anayeuliza, wala filamu haitutayarishi kuuliza.

Na hilo ndilo jeraha kubwa la shule za upande ule. Baada ya mauaji ya Novemba 2014 walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi kaskazini-mashariki, na ni nani wa kuwalaumu? Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na serikali ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika eneo hilo. Watoto walibaki na madarasa yenye ubao na madawati bila mtu wa kuwafundisha hisabati wala sayansi. Risasi iliyompiga mwalimu mmoja barabarani ilifunga madarasa ambayo mpigaji hakuwahi hata kuyaona. Bunduki huharibu shule hivyo: kabla haijafika mlangoni, hofu yake imekwisha kuwaondoa walimu na kuwafanya wazazi waliobaki waanze kudai nondo.

Nimerudi kwenye nondo, na hapa sina budi kusema langu.

Mwaka 1988, kabla sijahamia chuo cha ualimu, nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Usiku mmoja wezi waliingia bweni la wasichana wakachukua mablanketi na masanduku. Hakuna aliyeumizwa, lakini kelele za wasichana wale sijazisahau. Asubuhi nilimwita fundi wa kuchomelea. Madirisha yote yakatiwa nondo, mlango wa nyuma ukapigiliwa mbao, na mlango wa mbele nikautilia mnyororo na kufuli. Kila usiku saa nne mwalimu wa zamu alifunga kwa nje na kuniletea ufunguo nyumbani. Wazazi walinishukuru. Mkaguzi mmoja aliyetutembelea alinisifu kwa nidhamu. Hali iliendelea hivyo kwa miaka sita, na mimi nililala usingizi mzuri, ufunguo ukiwa chini ya mto wangu.

Juni 1994 tukasikia redioni habari za Shauritanga, kule Rombo, Kilimanjaro. Bweni lilishika moto usiku, na wasichana 42 wakafa. Nilizima redio nikakaa. Mke wangu aliniuliza nina nini, sikumjibu. Usiku ule, nikiwa nimekwisha lala, niliamka nikachukua tochi na ufunguo, nikaenda bwenini kama kwamba nimesikia yowe. Nilikuwa na saa mkononi. Toka kitandani hadi mnyororo kuanguka chini zilipita dakika saba. Nilikuwa macho, njia naijua, hapakuwa na moshi wala mtoto anayelia, na bado kufuli lilinigomea kwa kutu. Nilisimama pale nikisikiliza wasichana themanini wakipumua usingizini. Hawajui mpaka leo, na wengi wao sasa ni bibi za watu.

Kesho yake niliutoa mnyororo na kuufungua mlango wa nyuma. Nondo zilichukua miezi mitano kuondolewa kwa sababu hapakuwa na fedha ya fundi, na kila siku ya miezi hiyo mitano nilihesabu. Sikulaumiwa na mtu. Nikiulizwa kama uongozi wangu ulikuwa mzuri katika miaka ile sita, jibu la haki ni kwamba nilikuwa na bahati. Miaka iliyofuata iliendelea kunionyesha ukubwa wa bahati hiyo. Machi 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto bwenini Bombolulu, pwani ya Kenya, mlango umefungwa na madirisha yana nondo. Machi 2001 huko Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67 katika bweni lililochomwa moto, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana nondo. Nao usiku wa tarehe 16 Juni 2023 watu wenye silaha waliivamia shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Wavulana walijifungia bwenini. Wavamizi wakalitia moto bweni. Waliokufa katika shambulio hilo walikuwa 42, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Huko nondo, moto na bunduki zilikutana. Mlango uliofungwa ili kuzuia silaha ndio uliowaweka watoto ndani ya moto.

Hata hivyo siwezi kuwacheka wazazi wanaotaka nondo. Julai 1991 katika shule ya St. Kizito, Meru, Kenya, wavulana wa shule hiyo hiyo walivunja bweni walimokuwa wamekimbilia wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengi wengine wakabakwa. Mama anayetaka dirisha imara kwa ajili ya binti yake hatoi hofu hewani. Sisi wa kusini tuna hofu zetu nyingine pia. Tangu Oktoba 2017 tumesikia vita vya Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka mto vikaingia Kitaya, mkoa wa Mtwara. Kutoka hapa hadi kule ni mbali, lakini habari husafiri, na mama akilala peke yake huipunguza masafa.

Basi wiki ilipokwisha nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi, chini ya mkorosho uliopo mbele ya ofisi ya mkuu wa shule. Filamu sikuionyesha wala sikuitaja. Niliwaeleza habari za ufunguo wangu, kama nilivyokueleza wewe msomaji, nayo ilikuwa mara ya kwanza kuyasema hadharani. Kisha nikasema mambo machache. Milango iwe miwili, kila mmoja upande wake, yote ifunguke kwa nje na komeo liwe ndani. Nondo zikiwekwa, ziwe na bawaba na pini ambayo msichana wa kidato cha kwanza anaweza kuivuta gizani. Matroni alale humo humo, si nyumba ya pili. Mlinzi awe mtu ambaye wasichana wanamjua kwa jina, na atakayekuja kuwasumbua wajue wamwambie nani. Mara moja kwa mwezi wafanye zoezi la kutoka usiku. Na majirani wakubaliane kengele ya shule ikilia usiku nani anakuja, na kwa njia ipi. Katika haya la mwisho ndilo nililolipata kwenye filamu, au tuseme kwa wale wanawake wa Mandera. Walikuwa wamekwisha kujua watafanya nini kabla hawajaambiwa wafanye.

Mama mmoja aliyekaa mkekani mbele alinyoosha mkono. Akasema: "Shikamoo Mwalimu. Hayo ya moto nimekuelewa. Na wakija wenye bunduki?"

Nilimjibu kwamba nondo haziwazuii, zinawafungia watoto wetu. Nikamwambia kwamba kujuana na kuonyana mapema kunaweza kuokoa baadhi yetu, na pengine wengi, lakini yeyote atakayemwahidi kwamba kuna dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, asimwamini, hata kama mtu huyo ni mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Sidhani kama nilimridhisha. Mimi mwenyewe jibu hilo halikuniridhisha, ila ndilo la kweli nililokuwa nalo.

Mabishano yaliendelea hadi magharibi. Milango miwili ilikubaliwa. Komeo la ndani lilikubaliwa. Zoezi la usiku lilikubaliwa na walimu wakiguna. Nondo za bawaba ziliwekwa madirisha ya upande wa uwanja, lakini manne yanayoelekea barabarani yalitiwa nondo za kudumu, kwa kura, dhidi ya ushauri wangu. Hiyo ndiyo bodi, na hao ndio wazazi, na watoto ni wao.

Kuhusu filamu, hukumu yangu ni hii. Watu Wote ni kazi nzuri na ya heshima, na kama ningekuwa bado chuoni ningewaonyesha wanachuo wangu kila mwaka pamoja na Kinjeketile. Lakini nisingewaacha waondoke na machozi tu. Taa zikiwashwa ningewauliza maswali mawili: wale wanawake walijifunza wapi kufanya walichofanya, na Januari nani aliingia darasani kwa Mwalimu Salah? Filamu haikujibu, na kwa dakika ishirini na mbili haikuwajibika kujibu yote. Ni juu yetu tunaobaki na shule.

Siku bweni lilipofunguliwa nilialikwa. Baada ya dua na hotuba nilimwomba matroni aniruhusu niingie ndani, anifungie, kisha atoke aende zake. Nikafumba macho, nikapapasa ukuta mpaka mlango wa nyuma, nikavuta komeo. Lilifunguka kwa mara ya pili. Nikamwita fundi, nikamwambia alilainishe, nikangoja palepale mpaka akamaliza.